Kuuza gari kuukuu lenye injini inayochemsha: uchambuzi wa kisa kimoja

## Maelezo ya awali

Gari linalozungumziwa hapa lilikuwa dogo, la familia, la petroli, lenye umri wa miaka 16 na lililokwisha kwenda zaidi ya kilomita 230,000. Lilikuwa bado linatembea, lakini si mbali, kwa kuwa baada ya muda mfupi wa mwendo wa kawaida injini ilianza kuchemsha. Mwenye gari, ambaye humu ataitwa muuzaji, alitaka kuliuza bila kumdanganya mtu na bila kulitoa kwa bei ya kutupa. Watu wengi huamini kwamba mambo hayo mawili hayaendi pamoja, na imani hiyo ndiyo inayokifanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa kwa kina.

Majina ya wahusika, aina ya gari, mahali na tarehe vimeondolewa. Fedha nazo hazitajwi kwa sarafu yoyote. Bei ya gari la aina ileile, la mwaka uleule na lenye masafa yanayokaribiana, lisilo na ubovu unaojulikana, imehesabiwa kuwa 100, na kila kiasi kinachotajwa humu kinapimwa kwa kulinganishwa nayo. Nilishiriki katika kisa hiki kama mshauri wa muuzaji tangu siku alipoanza kutafuta mnunuzi mpaka gari lilipoondoka mikononi mwake.

## Usuli

Muuzaji alilinunua gari likiwa na umri wa miaka 5, kwa mkopo uliodhaminiwa na gari lenyewe, na mkopo huo aliumaliza miaka mingi kabla ya kisa hiki. Alikuwa mwangalifu wa kubadilisha mafuta ya injini kwa wakati na alitunza risiti nyingi za matengenezo katika bahasha moja, jambo ambalo baadaye lilimfaa kuliko alivyotarajia.

Dalili za ugonjwa zilianza taratibu. Kwanza gari lilianza kupunguza maji ya rejeta bila kuvuja chini, na muuzaji akawa anajaza kila wiki. Kisha, asubuhi injini ikiwa baridi, ilitikisika kwa muda kabla ya kutulia, na taa ya injini kwenye dashibodi ikawaka. Mwisho, siku moja ya msongamano, mshale wa joto ulipanda ghafla. Ikumbukwe kwamba katika magari mengi mshale huo hutengenezwa ubaki katikati hata joto linapobadilikabadilika kwa kiasi fulani, hivyo unapoanza kupanda, hatari imekwisha kuwa karibu. Muuzaji alisimama kando ya barabara na kuzima injini mara moja, na uamuzi huo huenda ndio ulioiokoa injini nzima.

Zaidi ya injini, gari lilikuwa na kasoro nyingine: mlio wa kugonga upande wa mbele linapopita kwenye matuta, kutu sehemu ya chini ya mlango wa nyuma wa kushoto, kiyoyozi kisichopoza, na betri iliyochoka. Breki, usukani na gia vilikuwa salama.

## Ushauri wa kwanza aliopewa

Gari lilivutwa hadi kwenye gereji aliyokuwa akiitumia siku zote. Fundi aliliangalia bila kulipima kwa kifaa chochote, akasema kwamba injini imekufa na lazima ifumuliwe yote, kazi ambayo gharama yake ingefika 48. Alipoona muuzaji amesita, alijitolea kulinunua yeye mwenyewe kwa 20. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa tayari kutoa 15.

Ndugu mmoja wa muuzaji alishauri njia ya tatu: kumimina kwenye rejeta dawa ya kuziba matundu, kufuta taa ya dashibodi kwa mashine, kulipitisha gari kwa mnunuzi wakati bado linatulia, na kutopokea simu baadaye. Muuzaji alikataa ushauri huo palepale. Alisema kwamba mnunuzi wa gari la namna hiyo kwa kawaida ni mtu asiye na uwezo wa kununua jingine, na kwamba kumpelekea mtu wa aina hiyo injini ambayo itamwacha njiani akiwa na watoto wake ni dhuluma. Ninaona alikuwa sahihi kabisa kimaadili, na katika uchambuzi nitaonyesha kwamba alikuwa sahihi kihesabu pia.

## Uamuzi wa kwanza: kulipia uchunguzi kabla ya kulipia matengenezo

Fundi wa kwanza alikuwa na maslahi mawili yanayogongana na kazi ya kutambua ugonjwa: angefaidika kama gari lingetengenezwa kwake kwa kazi kubwa, na angefaidika pia kama muuzaji angekata tamaa na kumuuzia kwa 20. Hii haimaanishi kwamba alisema uongo, lakini kauli yake haikuweza kutegemewa. Kwa hiyo tuliamua kulipeleka gari, kwa kulibeba na si kuliendesha, kwenye karakana nyingine ambayo iliambiwa tangu mwanzo kwamba haitapewa kazi ya matengenezo wala haitauziwa gari. Kazi yake ilikuwa kupima na kuandika ripoti tu, na kwa kazi hiyo ililipwa 2.

Vipimo vilikuwa vya kawaida. Kompyuta ya gari ilisomwa ikaonyesha msimbo P0302 na P0303, maana yake silinda (vyumba vya injini ambamo petroli huwakia) ya 2 na ya 3 zilikuwa zikikosa kuwaka ipasavyo. Mgandamizo wa silinda ulipimwa: ya 1 na ya 4 zilitoa takriban bari 12 (bari ni kipimo cha shinikizo), kiwango kizuri kwa injini ya umri huo, ilhali ya 2 na ya 3 zilitoa kama bari 8. Silinda mbili zinazopakana zinapopungua pamoja kwa kiasi kinachokaribiana, fundi hushuku kwanza gasketi ya hedi, yaani bamba jembamba la kuziba lililo kati ya bloku, sehemu ya injini yenye silinda, na hedi, kifuniko kilicho juu yake, kwa kuwa mahali inapoungua kwa urahisi ni pale penye ukingo mwembamba kati ya silinda moja na nyingine. Kipimo cha tatu kilithibitisha shaka hiyo: kimiminika cha buluu kinachotumiwa kutambua hewa ya mwako ndani ya maji ya rejeta kiligeuka kuwa njano, yaani moshi wa silinda ulikuwa ukipenya mpaka kwenye njia za maji. Mafuta ya injini, kwa upande wake, yalikuwa safi, hayakuwa na weupe wa kuchanganyika na maji, na hiyo ilikuwa habari njema kwa bearingi za krankshafti, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini.

Sentensi moja ya ripoti hiyo ndiyo iliyobeba uzito mkubwa baadaye. Fundi aliandika kwamba gasketi imeungua, lakini hali ya hedi yenyewe, kama imepinda tu au ina ufa, haiwezi kujulikana mpaka ifunguliwe. Hedi ya injini hii ilikuwa ya aluminiamu iliyofungwa juu ya bloku ya chuma cha kusubu, na aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma hicho. Injini inapochemsha, hedi hutaka kutanuka huku boliti zikiizuia, nayo hupinda au hupasuka. Kama imepinda tu, husawazishwa kwenye mashine na gasketi mpya ikafungwa, na gharama ingekuwa 21. Kama ina ufa, ingelazimu kutafuta hedi nyingine, na gharama ingepanda hadi 33.

## Uamuzi wa pili: kutengeneza au kuuza kama lilivyo

Hapa ndipo wauzaji wengi hupotea, kwa kuwa huhesabu gharama ya matengenezo na kuilinganisha na bei ya gari zima, wakisahau kwamba gari kuukuu likishatengenezwa halirudi kuwa 100. Mnunuzi akisikia kwamba injini imefunguliwa, hupunguza bei, na hapa palikuwapo pia kutu na kiyoyozi. Makadirio yetu, yaliyotokana na bei ambazo magari ya namna hiyo yalikuwa yakiuzwa, yalikuwa kwamba gari hili likitengenezwa lingepata 80. Ukitoa 21 linabaki 59, na ukitoa 33 linabaki 47.

Kuliuza kama lilivyo, pamoja na ripoti, kulikadiriwa kuleta kati ya 50 na 55. Msingi wa makadirio haya unahitaji kuelezwa. Mnunuzi wa kawaida angehesabu 80, akatoa 33 kwa kuchukulia hali mbaya kabisa, kisha akatoa tena kiasi cha usumbufu wake, na asingefika hata 45. Lakini sehemu kubwa ya gharama ya kubadilisha gasketi ya hedi si gasketi. Ni saa za kazi ya kufungua, kusafisha, kupima na kufunga. Fundi anayefanya kazi hiyo kwa mikono yake katika siku zake za mapumziko hailipii kazi hiyo. Kwake yeye matengenezo ya 33 yanaweza kuwa ya 15, na kwa hiyo anaweza kutoa zaidi ya mtu mwingine yeyote na bado akabaki na faida. Hivyo swali halikuwa tu gari lina thamani gani, bali ni nani ambaye ubovu huu unamgharimu kidogo, na yeye apatikane vipi.

Ukichukulia kwamba hedi ilikuwa na uwezekano sawa wa kuwa imepinda tu au imepasuka, njia ya kutengeneza ilikuwa na wastani wa 53, sawa na ile ya kuuza kama lilivyo. Kilichotofautisha njia hizi mbili kilikuwa hatari na fedha taslimu. Kutengeneza kulimtaka muuzaji atoe kwanza fedha ambazo angelazimika kuzikopa, huku mashaka yote ya hedi yakibaki juu yake. Aliamua kuuza kama lilivyo, na mashaka hayo yahamie kwa mtu aliyeyajua na kuyapangia bei.

## Matengenezo madogo yaliyofanywa na yaliyoachwa

Kuuza gari kama lilivyo hakumaanishi kutoligusa. Kipimo tulichotumia kilikuwa hiki: je, kasoro hii inamzuia mnunuzi kuona hali halisi ya gari, au inamfanya ashuku kitu kikubwa kuliko kilichopo? Betri ilibadilishwa, kwa sababu gari lisilowaka haliwezi kuonyeshwa, na mnunuzi anapokuta kimya hudhani injini imejifunga. Viungo vidogo vya stabilaiza (chuma kinachopunguza gari kulala upande kwenye kona) vilivyokuwa vikigonga upande wa mbele vilibadilishwa pia, kwa kuwa ni spea za bei ndogo na kazi yake ni nyepesi, ilhali mlio wao ulimfanya kila aliyeusikia afikiri kwamba miguu yote ya mbele imekwisha. Gari lilisafishwa ndani na nje. Yote haya yaligharimu 4.

Kutu haikuguswa. Kulikuwa na pendekezo la kutia pati na kupaka rangi sehemu hiyo, lakini pati juu ya kutu huficha ukubwa wa tatizo bila kulitibu, na mnunuzi anayegonga kwa kidole au kushika sumaku hugundua mara moja. Baada ya hapo haamini tena neno lolote, hata lile la kweli kuhusu injini. Kiyoyozi kiliachwa kwa sababu ukarabati wake usingeongeza bei kuliko gharama yake. Misimbo kwenye kompyuta nayo haikufutwa. Misimbo ikifutwa, hata kumbukumbu za majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe hurudi mwanzo, na mnunuzi mwenye kifaa kidogo cha kusomea huona kwamba majaribio hayo hayajakamilika na kujua kuwa kuna mtu aliyefuta kitu muda si mrefu.

Injini haikuoshwa. Injini kuukuu inayong'aa humfanya fundi ajiulize ni mafuta gani yaliyokuwa yakivuja.

## Tangazo na wanunuzi

Tangazo lilianza na ubovu, kisha likaeleza mazuri. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba gasketi ya hedi imeungua na gari halifai kuendeshwa mpaka litengenezwe. Ndipo zikafuata ripoti ya vipimo, orodha ya matengenezo yenye risiti, hali ya breki na gia, kutu, na kiyoyozi. Bei iliyotajwa ilikuwa 58.

Madalali walikuwa wa kwanza kupiga simu, na wengi wao walitaja 25 bila kuuliza swali lolote. Muuzaji aliwajibu kwa adabu na kuendelea. Kundi la pili lilikuwa la watu waliosoma nusu ya tangazo, wakaja wakitaka kulijaribu gari barabarani. Kwao ilibidi kukataa, na kukataa huko kuliwaudhi baadhi yao. Kila kuchemsha kungeweza kugeuza hedi iliyopinda kuwa hedi iliyopasuka, kwa hiyo utaratibu ulikuwa mmoja kwa wote: mnunuzi anafika injini ikiwa baridi, anagusa boneti mwenyewe ahakikishe, anafungua kifuniko cha rejeta na kuangalia maji, kisha injini inawashwa kwa muda mfupi huku akitazama mshale, akisikiliza na kuzungusha gari hatua chache ndani ya ua ili ajaribu klachi, gia na breki. Kabla mshale haujapanda, injini inazimwa.

Mnunuzi wa kwanza mwenye nia ya kweli alikubali 55 na kuacha arbuni ya 5, bila maandishi. Siku ya kuhamisha umiliki iligundulika kwamba jina la mkopeshaji wa zamani lilikuwa bado limeandikwa kwenye usajili wa gari. Deni lilikwisha kulipwa miaka mingi nyuma, lakini hakuna aliyekuwa ameomba dhamana hiyo ifutwe. Mkopeshaji alihitaji wiki kadhaa kutafuta kumbukumbu na kutoa barua. Mnunuzi alichoka kusubiri, akataka arbuni yake. Muuzaji alikuwa amekwisha kuwakatalia watu wengine kwa sababu yake, na kwa muda mfupi walibishana kama arbuni irudishwe yote au sehemu. Hatimaye alirudishiwa yote, kwa kuwa kilichochelewesha kilitoka upande wa muuzaji.

Dhamana ilipofutwa tangazo lilirudishwa, na mnunuzi wa pili akaja. Alikuwa fundi wa injini. Hakuuliza sana kuhusu maneno ya tangazo. Aliomba ripoti ya mgandamizo, akaisoma kwa makini, akauliza gari lilichemsha mara ngapi na kwa muda gani kila mara, akaangalia tarehe ya mwisho ya kubadilisha mkanda wa taimingi kwenye risiti, kisha akalala chini na kuchunguza kutu kwa bisibisi. Alitaja 50. Walikubaliana 52, kila mmoja akichangia nusu ya gharama ya gari la kuvuta.

## Makabidhiano

Mkataba uliandikwa kwa ukurasa mmoja na nusu. Ulikuwa na namba ya chesisi iliyolinganishwa na ile iliyogongwa kwenye bodi, usomaji wa odometa, tarehe na saa ya makabidhiano, bei, na namna ilivyolipwa. Kasoro zote zilizojulikana ziliorodheshwa na kila moja ikasainiwa kando yake na mnunuzi. Ripoti ya vipimo iliambatishwa. Sentensi ile kuhusu hali ya hedi isiyojulikana ilinakiliwa neno kwa neno ndani ya mkataba. Fedha zilithibitishwa kuwa zimefika kabla ya ufunguo kutolewa, umiliki ulihamishwa siku hiyohiyo, bima ya muuzaji ikasitishwa, na kila upande ukabaki na nakala.

## Matokeo

Muuzaji alipokea 52. Alitumia 2 kwa uchunguzi, 4 kwa matengenezo madogo, 1 kwa kuvuta gari na 1 kwa karatasi na barua ya mkopeshaji, akabaki na 44. Gereji ya kwanza ilikuwa tayari kumpa 20.

Wiki chache baadaye mnunuzi alipiga simu. Alikuwa amefungua injini na kukuta ufa kwenye hedi, kati ya silinda ya 2 na ya 3. Hakulalamika wala kudai chochote. Alitaka tu kujua kama muuzaji bado anaikumbuka namba ya spea iliyokuwa kwenye risiti moja ya zamani. Alipata hedi iliyotumika, akaifunga, na gari likarudi barabarani.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alionyesha, kwa kutumia mfano wa magari yaliyotumika, kwamba pale muuzaji anapojua ubora na mnunuzi hajui, mnunuzi hutoa bei ya wastani, wenye magari mazuri hujiondoa sokoni, na wastani huzidi kushuka. Kazi hiyo ilichangia yeye kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Kwa gari lenye ubovu hali ni kali zaidi: mnunuzi anayeogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia hahesabu wastani, bali huhesabu kifo cha injini nzima. Madalali waliotaja 25 walikuwa wakifanya hivyo hasa. Ripoti iliyogharimu 2 ilibadilisha hesabu hiyo, kwa sababu iligeuza "injini imekufa" kuwa "gasketi imeungua na hedi haijulikani". Hakuna fedha nyingine katika kisa hiki iliyofanya kazi kubwa kama hiyo.

Ripoti hiyo isingetosha kama ingekuwa kimya kuhusu yale ambayo vipimo havikuyafikia. Wauzaji waaminifu hutaja wanachokijua na kudhani wamemaliza. Mgogoro mwingi huzaliwa kwenye yale ambayo hakuna aliyeyajua, ambapo mnunuzi akiyagundua huamini kwamba yalifichwa. Simu ya mnunuzi ingeweza kuwa ya kesi. Haikuwa, kwa kuwa ufa ule ulikuwa umeandikwa kama uwezekano, ukasainiwa na kuingizwa kwenye bei. Katika mifumo mingi ya sheria, maneno "linauzwa kama lilivyo" peke yake hayamlindi muuzaji aliyeficha kwa makusudi kasoro anayoijua, na njia ya yule ndugu ingemwacha muuzaji bila kinga yoyote. Isitoshe, dawa za kuziba huganda kwenye njia nyembamba za maji, na mnunuzi angerithi rejeta iliyoziba juu ya hedi iliyopasuka.

Kuhusu uamuzi wa kutotengeneza, sina budi kusema wazi kwamba matokeo hayathibitishi kuwa ulikuwa bora kwa kila mtu. Hedi ilikuwa na ufa, hivyo kutengeneza kungemwachia muuzaji kama 40 baada ya gharama zote, yaani 4 chini ya alichopata. Kama hedi ingekuwa imepinda tu, angebaki na 52, na leo tungesema alipoteza. Muuzaji mwenye akiba, anayemwamini fundi wake, na asiye na haraka angeweza kuchagua njia nyingine kwa sababu nzuri. Kilichokuwa imara ni kwamba muuzaji huyu hakuwa na uwezo wa kubeba hali mbaya, na mtu wa namna hiyo asibebe hatari ambayo mwingine yuko tayari kuinunua.

## Uchambuzi: kilichoshindikana

Kosa kubwa lilikuwa la karatasi. Dhamana ya mkopo uliolipwa ilipaswa kuchunguzwa kabla ya tangazo la kwanza, hata kabla ya uchunguzi wa injini, kwa sababu ndiyo hatua isiyo na gharama kubwa na isiyoweza kuharakishwa. Ilimpotezea muuzaji tofauti kati ya 55 na 52, na katika wiki za kusubiri aliendelea kulipia bima ya gari lisilotembea na kulichaji betri.

Picha za tangazo hazikuonyesha kutu kwa ukaribu. Maneno yalikuwepo, lakini neno "kutu" lina maana nyingi, kuanzia doa la rangi mpaka tundu linalopitisha mkono. Watu wawili waliosafiri kuja kuliona gari waligeuza njia walipoinama kulitazama, na walikuwa na haki ya kukasirika. Picha moja iliyopigwa chini ya gari, ikiwa na rula kando ya sehemu iliyoliwa, ingewaokolea safari.

Arbuni isiyoandikwa ilikaribia kuharibu uhusiano uliokuwa mzuri. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na hakuna hata moja iliyokuwa na mahali pa kuionyesha. Karatasi hiyo ingehitaji mistari michache: gari linashikiliwa mpaka tarehe fulani; arbuni inarudi yote kama umiliki hautahamishika kwa sababu iliyo upande wa muuzaji; inabaki kwa muuzaji kama mnunuzi atabadili nia baada ya kupewa ripoti na kuliona gari; na tarehe ikipita bila upande wowote kutekeleza, makubaliano yanakwisha na muuzaji yuko huru kumwita anayefuata.